MAISHA YA WATU WAKUBWA: SERGEI WINOGRADSKY, ALIYEONA UHAI PASIPO JUA



Katika ukurasa huu leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake ni gumu kutamka, lakini kazi yake ni rahisi kuelewa ikiwa mtu anasoma polepole. Anaitwa Sergei Winogradsky. Wafinalisti wa biokimia wamekutana na kazi yake, hata kama jina lake halikutajwa. Wale wa madarasa ya chini, msiogope. Tutakwenda pole pole.

Tuanze na ulizo moja. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba chakula chote kinatoka kwa jua. Majani yanashika mwangaza wa jua, mbuzi anakula majani, sisi tunakula mbuzi. Jua likizimika, wote tunakufa. Ni kweli. Lakini kule chini ya bahari kubwa, mita 2500 kwenda chini, mwangaza hauingii hata kidogo. Ni giza tupu, mchana na usiku. Na kumbe kule kuna fasi zilizojaa viumbe, wengi kupita wanaoishi katika matope ya jirani. Wanakula nini? Nani anawapikia?

Jibu lilianza kupatikana miaka 90 hivi kabla mtu yeyote hajafika kule. Lilipatikana katika tone moja la maji yenye kunuka, chini ya mikroskope, na mtu aliyelipata ni huyu Winogradsky.

1. KIJANA ASIYEJUA AFUATE NJIA GANI

Alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Kiev, ambao leo ni mji mkuu wa Ukraine. Wakati ule ulikuwa chini ya mfalme mkuu wa Urusi. Wazazi wake walikuwa matajiri. Walikuwa na mali na mashamba, na mtoto wao hakukosa kitu.

Lakini mali haikumwonyesha njia. Alipoingia chuo kikuu alianza na sheria. Hakudumu, akahamia sayansi. Kule nako moyo haukutulia. Basi akaacha chuo, akaenda mji wa Saint-Pétersbourg kujifunza piano katika shule kubwa ya muziki. Wazazi wengi wa kwetu wangesema mtoto huyu amepotea.

Muziki nao haukumtosha. Mwaka 1877 alirudi tena kwenye sayansi, safari hii katika chuo kikuu cha Saint-Pétersbourg, na mwaka 1881 akamaliza. Kitu kilichomshika sasa kilikuwa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Alianza kwa kuchunguza namna chachu inavyobadilika wakati chakula chake kinapobadilishwa. Ulizo lile lilimfuata maisha yake yote: kiumbe kidogo kinafanya nini wakati hali ya fasi kinapoishi inabadilika?

2. NYUZI NYEUPE ZA STRASBOURG

Mwaka 1885 alihamia Strasbourg, kwa profesa Anton de Bary, bingwa wa mimea na kuvu. Leo mji huo ni wa Ufaransa, lakini siku zile ulikuwa wa Ujerumani. Kule Winogradsky alianza kuchunguza bakteria wanaoitwa Beggiatoa.

Beggiatoa wanaonekana kama nyuzi nyeupe, nyembamba sana, juu ya matope yenye kunuka na katika chemchemi za kiberiti. Tunaposema kiberiti hapa, hatusemi kile cha kuwashia moto jikoni. Tunasema lile jiwe la manjano linaloungua, ambalo Biblia inalitaja katika habari ya Sodoma. Katika kemia tunaliandika S. Likiungana na hidrojeni linatoa hewa yenye harufu ya yai bovu, tunayoiandika H2S. Hewa hiyo ni sumu kwetu na kwa wanyama wengi.

Ndani ya nyuzi hizo kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa. Wataalamu walijua kwamba chembe zile ni kiberiti. Lakini juu ya nini kiberiti kiwe ndani ya mwili wa kiumbe hai? Wengine walidhani Beggiatoa ndio wanaotengeneza ile hewa mbaya. Waliona bakteria na harufu fasi moja, wakaamua kwamba mmoja ni baba wa mwingine.

Winogradsky hakufanya haraka. Alitwaa nyuzi chache, akaziweka katika tone la maji chini ya kioo chembamba, akaanza kuzitazama. Siyo kutazama mara moja na kuandika. Alitazama nyuzi zile zile siku kwa siku, akibadilisha maji yake mara nyingi. Siku nyingine alizipa maji yenye H2S. Siku nyingine alizipa maji yasiyo nayo. Kisha anatazama tena.

Aliona hivi. Akizipa H2S, zile chembe za kiberiti zinajaa ndani ya nyuzi. Akiinyima, chembe zinapungua, zinapungua, mpaka zinakwisha. Zikiisha kabisa na H2S isiporudi, nyuzi zinakufa. Na maji yaliyobaki yanakuwa na asidi ya kiberiti, ile tunayoiandika H2SO4, iliyogeuka kuwa chumvi yake.

Hapo akaelewa kwamba Beggiatoa hawatengenezi ile hewa. Wanaila! Wanaiunganisha na oksijeni, na muungano ule unatoa nguvu. Fikirini mama anayepika kwa makala. Nguvu ya kuchemsha sufuria haitoki mbinguni wakati ule. Inatoka katika makala yanapoungana na hewa. Kwa Beggiatoa, H2S ndiyo makala. Sehemu wanaiunguza nusu tu, inabaki kiberiti, wanaiweka ndani ya mwili. Makala ya nje yakikosekana, wanafungua ghala na kuunguza kile walichoweka.

Alieleza mambo haya katika maandishi yake ya mwaka 1887. Alikuwa na miaka 31. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba kiumbe hai kinaweza kupata nguvu katika kitu kama jiwe au hewa ya ardhini, bila kula mmea wala mnyama. Mwaka uliofuata alieleza juu ya bakteria wengine wanaotumia chuma.

3. ZÜRICH: KUJENGA MWILI GIZANI

Profesa de Bary alikufa mwanzoni mwa mwaka 1888. Winogradsky akahamia Zürich, katika nchi ya Uswisi. Kule alishika ulizo lingine: nani anageuza amoniaki ya ardhini kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea?

Watu wengine walijaribu kuwakamata bakteria hao, wakashindwa. Waliwapa supu na jelatini, vyakula vizuri ambavyo bakteria wengi wanavipenda. Winogradsky alifanya kinyume. Aliwapa maji yenye chumvi za madini na amoniaki, bila sukari, bila nyama, bila kitu chochote kilichotoka katika mwili wa mmea au mnyama. Bakteria wengine wote walikosa chakula. Wale aliowatafuta wakaongezeka. Aliona tena kwamba ni makundi mawili yanayopokezana kazi: kundi la kwanza linageuza amoniaki kuwa nitriti, la pili linageuza nitriti kuwa nitrati.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Alipopima, aliona kwamba bakteria hawa wanajenga miili yao kwa gesi ya kaboni, CO2, sawa na majani ya miti. Lakini majani yanahitaji mwangaza. Bakteria hawa walifanya kazi ileile gizani, kwa nguvu ya amoniaki. Ilikuwa mwaka 1890. Tangu siku ile wataalamu wakajua kwamba kuna njia mbili za kutengeneza chakula duniani: moja kwa nguvu ya mwangaza, nyingine kwa nguvu ya kemia.

4. ALIYEPOTEZA YOTE NA KUANZA TENA

Mwaka 1891 alialikwa kufanya kazi katika Institut Pasteur ya Paris. Heshima kubwa! Lakini alichagua kurudi Saint-Pétersbourg, katika taasisi mpya ya utafiti wa utabibu, na baadaye akawa mkurugenzi wake kwa muda. Kule aligundua bakteria anayeishi bila oksijeni na anayeshika naitrojeni ya hewa. Akamwita Clostridium pasteurianum, kwa kumheshimu Louis Pasteur.

Kisha akaacha maabara, akaenda kuishi kwenye mashamba ya ukoo wake kule Ukraine. Kwa miaka mingi hakuandika utafiti. Ulimwengu wa sayansi ulianza kumsahau.

Mwaka 1917 mapinduzi yalianza Urusi, na baada ya hapo vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mashamba, nyumba na mali vyote vikaenda. Mwaka 1920, akiwa na miaka zaidi ya 60, alikimbia kupitia bandari ya Odessa. Yule mtoto wa tajiri sasa alikuwa mkimbizi kati ya wakimbizi wengine. Mwaka 1921 alipata kazi ya kufundisha katika mji wa Belgrade. Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na majarida ya kusoma na kichwa chake. Basi alisoma.

Mwaka 1922 mkurugenzi wa Institut Pasteur, Émile Roux, alimwalika kuja Ufaransa. Mwaliko ule alioukataa miaka 31 nyuma ulirudi, na sasa akaukubali. Walimpa nyumba na maabara katika mji mdogo wa Brie-Comte-Robert, karibu na Paris. Alikuwa na miaka 66, umri ambao wengi wanasema kazi imekwisha. Yeye akaanza upya, akichunguza bakteria wa udongo kama wanavyoishi katika udongo wenyewe, siyo tu katika chupa za maabara. Binti yake Hélène alimsaidia katika kazi ile. Mwaka 1949 alitoa kitabu kikubwa kinachoitwa Microbiologie du sol, kilichokusanya kazi ya maisha yake. Alikufa mwezi wa pili mwaka 1953, akiwa na miaka 96.

5. KILE AMBACHO HAKUKIONA

Winogradsky hakujua kazi yake ingefika wapi. Mwaka 1977, miaka 24 baada ya kifo chake, chombo kidogo cha Wamarekani kinachoitwa Alvin, chenye watu watatu ndani, kilishuka mita 2500 hivi katika Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos. Walitafuta chemchemi za moto zinazotoka katika nyufa za ardhi. Wakazipata. Lakini walikuta pia chaza wakubwa, kaa, na minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu, mingine ikipita urefu wa mtu. Katika safari ile hakukuwa na mtaalamu wa biolojia hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyetazamia kukuta wanyama wengi hivyo. Maji waliyoleta juu yalinuka yai bovu.

Minyoo ile haina kinywa wala tumbo la kusaga chakula. Sasa inakula namna gani? Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, aliyekuwa bado mwanafunzi kule Marekani, alitoa jibu. Ndani ya mwili wa mnyoo kuna bakteria wengi sana, na bakteria hao ni wa ukoo wa kazi ileile ya Winogradsky: wanaunguza H2S na kujenga chakula kwa CO2. Damu nyekundu ya mnyoo inabeba oksijeni na H2S pamoja, inawapelekea bakteria, nao wanamlisha mnyoo.

Maisha ya kule si ya raha. Maji ya baharini ni ya baridi, karibu digrii 2. Maji yanayotoka katika mabomba ya mawe yanaweza kupita digrii 350. Yanapochanganyika, hali inabadilika kila saa: mara H2S ni mingi na oksijeni hakuna, mara oksijeni iko na H2S imekwisha. Bakteria wanaishi namna gani katika geuka-geuka hiyo?

Kwanza, wanaweka akiba. Bakteria wa mnyoo wanajaza chembe za kiberiti mwilini, sawasawa na nyuzi za Strasbourg. Pili, wengine wana akiba ya oksijeni ya badala. Katika Ghuba ya California, kina cha mita 2000 hivi, kuna Beggiatoa wakubwa wanaoweka nitrati katika kifuko ndani ya mwili. Oksijeni ikikosekana, wanatumia nitrati kuunguza H2S. Tatu, wana njia zaidi ya moja. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa ule mnyoo wana njia mbili tofauti za kushika CO2, wakati viumbe wengi wanaojitengenezea chakula wana moja tu. Njia moja inatumia nguvu nyingi, nyingine kidogo. Anayejua njia mbili hafungwi na mvua.

Hapa tuseme ukweli wote. Bakteria wanaotumia oksijeni kule chini bado wanategemea jua kwa upande mmoja, kwa sababu oksijeni ile ilitengenezwa na mimea ya juu, kwenye mwangaza, ikashuka na maji. Lakini karibu na chemchemi hizo kuna viumbe vidogo vingine visivyotaka oksijeni kabisa. Vinatumia hidrojeni na CO2 vinavyotoka ardhini. Hivyo ndivyo vilivyo mbali zaidi na jua.

6. NA SISI JE?

Wenzetu wengine watasema: bahari iko mbali, Winogradsky yuko mbali, mambo haya yanatuhusu namna gani?

Mwaka 1987, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaïre, chemchemi za moto ziligunduliwa chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, upande wetu wa magharibi, kule Pemba (siyo kisiwa cha Tanzania) na kwenye rasi ya Banza. Mwaka 1991 wapiga mbizi walishuka mpaka mita 46 na kupima joto kutoka digrii 53 mpaka 103. Haya si mambo ya kusoma tu kwa vitabu vya Ulaya. Yako nyumbani, na anayetaka kuyachunguza hana haja ya kushuka mita 2500.

Mwingine atasema hatuna mashine. Winogradsky alituachia kitu ambacho hakitaki mashine, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Twaa chupa kubwa ya kioo. Tia matope meusi ya kijito au ya bwawa, changanya na karatasi iliyochanwa vipande vidogo na kiini cha yai moja. Ongeza matope mengine, kisha maji ya palepale. Funika bila kukaza sana, weka karibu na dirisha, uache. Baada ya majuma kadhaa rangi zinaanza kutokea katika kioo: meusi chini, pengine zambarau au kijani katikati, kila rangi ikiwa fasi yake. Ni bakteria mbalimbali, kila kundi limechagua kimo ambapo chakula chake kinapatikana. Harufu yake si nzuri, wenye kulala karibu na dirisha hilo watusamehe. Tumewaomba walimu wa biolojia ruhusa ya kuweka chupa moja kwa kila darasa la tano na la sita.

Tena kuna neno moja kwa wenzetu wawili watatu wa kila darasa, nao wanajijua. Wako waliobadilisha sehemu ya masomo mara mbili na wanachekwa kwamba hawajui wanachotaka. Wako waliofika hapa wakati vita iliwafukuza kwao, bila vitabu, bila cheti, wakaanza tena darasa walilokwisha kumaliza. Winogradsky alipita njia hizo zote mbili. Sheria na piano hazikumzuia kufika. Mapinduzi yalitwaa nyumba na mashamba, lakini hayakutwaa yale aliyojifunza kwa kutazama nyuzi katika tone la maji. Akiba ile ndiyo aliyoifungua alipofika Brie-Comte-Robert, na ikamlisha miaka 30.

Sisi tulio watoto wa shule ya kanisa tunaamini kwamba Muumba hakuacha giza lolote bila kuliwekea viumbe wake. Winogradsky alitusaidia kuona meza aliyowaandalia. Mtihani wa Serikali unakaribia kwa wafinalisti. Saa za kusoma jioni ni zile zile, na taa zikizimika tunajua mpango wa mishumaa. Basi wapenzi, tujaze ghala sasa, wakati H2S iko.

Kwa niaba ya wanafunzi,
Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita